Kwa nini vichaka vya Mediterania husumbua kitaluni

Ifikapo Novemba, katika vilima vya mawe ya chokaa vya kusini mwa Ugiriki, mlentisko huwa umebeba vishada vya matunda madogo kama punje za pilipili manga, mengine mekundu na mengine meusi katika kishada kimoja. Mtu asiyeuzoea mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Pistacia lentiscus, atachuma mekundu kwa sababu ndiyo yanayopendeza, atayasia kwenye trei, atayamwagilia miezi yote ya baridi na hataona hata chipukizi moja. Akiyapasua kwa wembe ndipo atakapojua alipokosea. Mengi ya matunda mekundu ni pepe tupu, kokwa lisilo na kiini, kama mashuke ya mpunga uliokosa maji wakati wa kuchanua; kiini kilichojaa hupatikana ndani ya meusi. Mti huu hutunga matunda hata pale ambapo mbegu haikutungwa, na matunda hayo ya bure kwa kawaida hayafikii weusi wa kuiva. Anayeijua tabia hiyo huchuma meusi peke yake, huyasugua kwenye chekecheke chini ya maji hadi nyama yote itoke, maana nyama hiyo huzuia mbegu kuota, kisha huzitosa mbegu kwenye ndoo. Zinazoelea humwagwa, zinazozama husiwa.

Nimeanza na tunda hilo kwa kuwa linaonyesha mahali ambapo wengi hujikwaa. Vichaka vya asili vya Mediterania vinasifika kwa ugumu: huota kwenye nyufa za miamba, hukaa miezi kadhaa bila tone la mvua, hutafunwa na mbuzi, huungua na kuchipua tena. Ni rahisi kudhani kwamba kiumbe cha namna hiyo kitaoteshwa na yeyote mwenye mkebe na udongo. Lakini ugumu wa mmea mzima porini ni jambo moja, na wepesi wa kuuzidisha kitaluni ni jambo jingine, na mara nyingi kilekile kinachouwezesha mmea kuvuka kiangazi ndicho kinachoufanya usite kuota pale unapoutaka wewe.

Swali hili lilikuwa la watu wachache hadi miji ya ukanda ule ilipoanza kuhesabu gharama ya maji. Athens hupata mvua ya milimita 400 hivi kwa mwaka, chini ya nusu ya inayonyesha Dar es Salaam, na kuanzia Juni hadi Agosti karibu hainyeshi kabisa. Kutunza ukoka wa kijani katika hali hiyo ni kumwaga maji ya kunywa ardhini kila jioni. Jaqueline Tyrwhitt, mtaalamu wa mipango miji aliyezaliwa Pretoria, alianza katika miaka ya 1960 kupanda bustani kwenye mteremko wa mawe huko Sparoza, karibu na Athens, akitegemea zaidi mimea inayoyaweza mazingira yale. Chama cha Bustani za Mediterania kilichoundwa mwaka 1994 kina makao yake hapo hadi leo. Mwaka 2016 Athens ulipata bustani ya umma ya Stavros Niarchos, yenye ukubwa wa hekta 21 hivi, ambayo sehemu yake inapanda hadi juu ya paa la jengo lililosanifiwa na Renzo Piano, na imejaa lavenda, rozimari na mizeituni. Bustani kubwa kama hiyo inahitaji maelfu ya miche ya umri mmoja na umbo moja, inayofika kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapo ndipo kichaka cha mwituni na mfanyabiashara wa vitalu wanapoanza kutoelewana.

Chanzo cha kwanza cha kutoelewana ni kalenda. Hali ya hewa ya Mediterania hupatikana katika sehemu tano tu za dunia: ukanda wa bahari yenyewe, California, Chile ya kati, eneo la Rasi huko Afrika Kusini, na kusini pamoja na kusini-magharibi mwa Australia. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mvua na joto huja pamoja, na mkulima wa Muheza anayesubiri masika anajua kwamba maji yakifika kila kitu kitachipua. Kule mvua huja na baridi, na joto huja na ukame. Mmea haupati maji na joto kwa pamoja isipokuwa katika vipindi viwili vifupi, yaani Oktoba na Novemba, wakati mvua za kwanza zinapokuta udongo ungali na joto la kiangazi, na tena kuanzia Machi hadi Mei. Julai na Agosti ndio usingizi wake. Baadhi ya vichaka, kama vile Phlomis fruticosa, hupukutisha majani makubwa ya msimu wa mvua na kubaki na madogo yenye manyoya mazito, hata mgeni akiviona hudhani vinakufa.

Mtunza kitalu mwenye huruma anapokiona kichaka kilichonyong'onyea mwezi wa Agosti hukimwagilia, naye ndiye anayekiua. Udongo wenye maji na joto kwa wakati mmoja ni jambo ambalo mizizi ya lavenda na ya sisto, yaani vichaka vya jenasi Cistus, haikuzoea, lakini ndilo linalofurahiwa na Phytophthora, jamii ya vimelea wa majimaji wanaofanana na kuvu, ambao jina lao kwa Kigiriki lina maana ya mharibu mmea na ambao wakulima wa viazi na nyanya wanamjua ndugu yao mmoja kwa ukungu anaouleta. Mizizi huoza kimyakimya, majani hunyauka, na mnyauko huo huonekana kama kiu. Maji huongezwa, na baada ya wiki mbili mche umekwisha.

Mbegu na walinzi wake

Upande wa mbegu, jambo linalosaidia kuliko kukariri majedwali ni kuuliza ni nani aliyekuwa akiifungua mbegu hiyo porini. Kwa sisto, vichaka vyenye maua kama karatasi iliyokunjwakunjwa, jibu ni moto. Mbegu zake, zenye upana wa milimita moja hivi, zina ganda lisilopitisha maji. Hukaa ardhini miaka mingi hadi moto upite na kulipasua. Anayetaka kuziotesha huziweka kwenye joto kavu la nyuzi 100 hivi kwa dakika 5 hadi 10, na oveni ya kawaida ya jikoni inatosha ikiwa kuna kipimajoto cha kuaminika. Waliowahi kuloweka mbegu za lusina katika maji ya moto kabla ya kusia wataitambua mantiki hiyo mara moja. Tahadhari ni kwamba mbegu ziwe kavu kabisa zinapoingia, kwa sababu mbegu iliyokwisha kunywa maji hufa kwa joto hilohilo linaloiamsha mbegu kavu. Husiwa juu ya udongo bila kufunikwa sana, mwezi wa Oktoba. Vichaka vya jamii ya kunde, kama Spartium junceum wenye maua ya njano na Ebenus cretica wa kisiwa cha Krete, navyo vina ganda gumu, lakini kwa mbegu zao kubwa kidogo kipande cha msasa hufanya kazi ya moto.

Mlentisko, mhadasi na vingine vyenye matunda ya nyama vilimtegemea ndege, ambaye tumbo lake huondoa nyama. Kitaluni kazi hiyo ni ya mkono na chekecheke. Mhadasi, Myrtus communis, ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kwa jina kutoka kitabu cha Isaya, ndio mpole kuliko wote katika kundi hili, kwani mbegu zake zikisafishwa zingali mbichi huota bila mashauri. Phillyrea ni mkaidi zaidi: kiini chake kimefungiwa ndani ya kokwa ngumu kama jiwe, na pasipo kuivunja kokwa hiyo kwa uangalifu mbegu chache tu huota.

Kisha kuna Arbutus unedo, ambao ni mapambo kamili kwa kuwa matunda yake mekundu huchukua karibu mwaka mzima kuiva, hivyo mti huchanua maua mapya huku ukiwa bado umebeba matunda ya mwaka uliotangulia. Huu ni mmea wa sehemu zenye unyevu zaidi, na umefika kaskazini hadi kusini-magharibi mwa Ayalandi. Mbegu zake husubiri baridi. Huchanganywa na mchanga wenye unyevu na kuwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4 kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ndipo husiwa. Miche inayotoka ni midogo kama nywele na hukua polepole kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mwenye deni la benki.

Vipandikizi, na umri wa tawi

Ikiwa mbegu zinaota, kwa nini vitalu vingi vya mapambo hupendelea vipandikizi? Sababu ya wazi ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawafanani. Ua wa mimea wenye urefu wa mita 200 mbele ya hoteli ukipandwa kwa miche ya mbegu utakuwa na mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja wa kijani iliyokolea na mwingine wa kijivu. Mimi binafsi naona uzuri katika hali hiyo, ila mwenye hoteli haoni. Ipo pia mimea ambayo haina njia nyingine: lavandini, mseto wa aina mbili za lavenda ambao ndio unaojaza mashamba ya Provence, kusini mwa Ufaransa, ni tasa, na kila kichaka chake kimetoka kwenye tawi la kichaka kingine. Mlentisko nao una miti dume na miti jike mbalimbali, sawa na mlaureli na Rhamnus alaternus, kwa hiyo anayetaka vishada vyekundu vya mapambo hawezi kukisia kwa mbegu, bali hukata tawi kutoka kwenye jike linalojulikana. Akisahau kuwa na dume jirani, vishada atavipata lakini mbegu za kesho hatazipata.

Ili kuona kazi yenyewe kwa karibu, tuchukue rozimari. Huchaguliwa ncha ya tawi lisilo na maua, yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, ambayo chini yake imeanza kukakamaa lakini juu bado inapinda bila kuvunjika. Hukatwa kwa kisu kikali chini kidogo ya kifundo, majani ya nusu ya chini hupukuswa kwa vidole viwili kwa kuvuta kuelekea chini, na ile sehemu iliyo wazi huchomekwa kwenye mchanganyiko mwepesi, kwa mfano mboji ya peti na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) kwa vipimo sawa, uliokwisha kutobolewa kwa kijiti ili ngozi ya tawi isichubuke. Baada ya wiki tatu au nne, ukilivuta kidogo, tawi linakataa kutoka. Ukataaji huo ndio dalili ya kwanza ya mizizi.

Rozimari, Teucrium fruticans na oleanda viko upande huu wa urahisi. Oleanda huota mizizi hata ndani ya glasi ya maji, ingawa mkataji avae glavu kwa kuwa kila sehemu ya mmea huo ina sumu. Mhadasi uko katikati. Mlentisko na Arbutus viko mwisho kabisa, na tofauti hiyo haitokani na bahati. Tawi la mti uliokomaa limekwisha kuamua kuwa tawi. Seli zake hazikumbuki tena jinsi ya kuwa mzizi. Kwa sababu hiyo wazoefu hawakati kutoka kwenye mti mzima wa porini. Huweka miti mama kitaluni, huipogoa karibu na ardhi kila mwaka, na hutumia machipukizi yale ya ujana yanayotoka kwenye kisiki. Mwisho wa kipandikizi huchovywa katika homoni ya kuotesha mizizi, yaani asidi ya indolbutiriki, kwa ukali unaoanzia miligramu 1,000 hadi 3,000 kwa lita kwa mimea mingi ya kundi hili, na sehemu ya chini ya meza hupashwa joto la nyuzi 20 hivi huku juu kukiachwa baridi, ili mizizi itangulie majani. Hata hivyo mlentisko mara nyingi hukataa. Ajabu ni kwamba kusini mwa kisiwa cha Chios huko Ugiriki wakulima wamekuwa wakizidisha kwa matawi aina teule ya mlentisko inayotoa sandarusi ya kutafuna iitwayo mastika, ufundi ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014. Wao hukata matawi makubwa ya aina moja iliyochaguliwa kwa vizazi vingi na kuyapanda moja kwa moja ardhini. Mlentisko wa mwituni haujapitia mchujo huo. Kwa Arbutus suluhisho limekuwa maabara: Ureno, ambako matunda yake hutengenezwa pombe kali ya medronho, miti bora imezidishwa kwa vipande vya tishu ndani ya chupa, njia ileile inayotumika kwetu kupata miche safi ya migomba.

Kosa moja linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huwapata zaidi wenye vifaa vizuri. Kitalu cha kisasa kina mfumo wa ukungu unaonyunyiza maji kila baada ya dakika chache ili vipandikizi visinyauke. Majani laini yanayong'aa ya mhadasi huufurahia. Majani ya kijivu yenye manyoya ya Cistus albidus, ya Phlomis na ya lavenda hushika kila tone, hubaki yameloa usiku kucha, na kufikia siku ya tano yamefunikwa na kuvu ya kijivu. Manyoya yale yaliwekwa ili mmea usipoteze maji, na kipandikizi chenye manyoya kina akiba kuliko kinavyoonekana. Kivuli cha neti na unyunyizaji wa asubuhi pekee hukitosha.

Udongo, mizizi na magonjwa

Neno Mediterania huficha miamba miwili isiyopatana. Kuna mimea ya chokaa na mimea ya udongo wenye asidi, na aliyeichanganya katika kitalu kimoja hulalamika kwamba baadhi ya miche ina majani ya njano bila sababu. Cistus creticus huvumilia chokaa, lakini Cistus ladanifer na Lavandula stoechas huichukia, na maji ya kisima yenye chokaa nyingi hutosha kuwaletea umanjano hata kama udongo wa mkebe ni sahihi. Katika kundi hili la wapenda asidi yumo pia Erica arborea, ambao kisiki chake kigumu ndicho kinachochongwa viko vya tumbaku barani Ulaya, na ambao huota vilevile kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, ikiwamo Kilimanjaro.

Kuhusu mizizi, mche wa mbegu wa mlentisko hushusha mzizi mkuu kwa kasi kabla hata ya kujali majani. Ndani ya mkebe wenye kina kifupi mzizi huo hugonga chini, huanza kuzunguka, na baada ya mwaka umekuwa kama kamba iliyoviringwa; ukipandwa bustanini utaendelea kuzunguka palepale, na kiangazi cha pili kitaukuta hauna mzizi wa kina. Ndiyo maana hutumika mikebe mirefu yenye mbavu za wima ndani na iliyo wazi chini, ikining'inizwa juu ya hewa, ili ncha ya mzizi ikifika kwenye hewa ikauke na kulazimisha mizizi ya pembeni. Miezi michache kabla ya kuuzwa, maji na naitrojeni hupunguzwa kwa makusudi. Mche unaotendewa hivyo huwa mfupi, wenye majani machache na mizizi mingi kulingana na kimo chake, na ndio utakaoishi. Ila sokoni ukiwekwa kando ya mche uliolishwa na kunenepeshwa, mnunuzi huchukua ule mnene. Kwa maoni yangu, hasara nyingi zinazolaumiwa kwenye ukame zilinunuliwa siku hiyo, dukani.

Mwaka 2013 mambo yalibadilika kwa kila anayezidisha mimea katika ukanda huo. Bakteria Xylella fastidiosa, ambayo huziba mishipa ya maji ya mti na hubebwa na wadudu wafyonza utomvu, iligunduliwa katika mizeituni ya Puglia, kusini mwa Italia. Ilionekana Corsica mwaka 2015 na visiwa vya Balearic mwaka 2016. Haiishii kwenye mzeituni. Oleanda, rozimari, lavenda, mhadasi na sisto navyo huweza kuibeba, mara nyingine bila dalili kubwa. Kipandikizi kimoja kutoka mti mama mgonjwa ni ugonjwa uliozidishwa pamoja na mmea, na ndiyo sababu miti mama sasa hufungiwa ndani ya neti, hupimwa, na mimea husafiri na pasipoti yake ndani ya Umoja wa Ulaya. Wafanyakazi wa mashamba ya vipandikizi vya maua ya Kenya, Uganda na Ethiopia wanaozoea kukanyaga dawa mlangoni na kusafisha visu wanaujua ukali huo kwa sababu kama hiyo: mwaka 2003 vipandikizi vya jeraniumu vilivyotoka Kenya vilikutwa Marekani vikiwa na bakteria wa mnyauko, Ralstonia, na maelfu ya mimea ikateketezwa.

Kupeleka vichaka hivi nje ya kwao ni suala jingine, na Spartium junceum, unaopendeza sana kando ya barabara za Italia, umekuwa magugu msumbufu huko California.

Nyumbani kwake, mche wa mwaka mmoja au miwili katika mkebe wa lita moja hushika haraka kuliko mti mkubwa wa bei ghali, kwa sababu mizizi yake bado haijasahau kutafuta. Hupandwa Oktoba au Novemba, mvua zinapoanza, na kuzungushiwa bakuli la udongo lenye upana wa sentimita 60 hivi na kina cha sentimita 20, ambalo hujazwa maji hadi juu mara moja kila wiki mbili au tatu katika kiangazi cha kwanza, wala si kidogo kidogo kila jioni, ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Kiangazi cha pili bakuli husawazishwa, na mpira wa maji huhamishiwa kwa miche iliyopandwa mwaka huo.